Hawapotei: jibu kwa msomaji anayeipenda Kind of Blue na hajui kwa nini

Swali: Shikamoo mwalimu. Marehemu baba mkubwa, aliyekuwa baharia, ameniachia gramafoni na kasha la santuri za jazi. Ninayoipenda kupita zote ni Kind of Blue ya Miles Davis. Haipiti siku sijaipiga. Ila mtu akiniuliza napenda nini hasa, nashikwa na kigugumizi. Mke wangu anasema wimbo unaanza vizuri, kisha kila mmoja anashika njia yake, na mwishoni ndipo wanakumbuka walikuwa wakipiga nini. Je, kuna namna ya kusikiliza muziki huu? Kweli santuri inashinda simu, au ni mazoea tu kama fundi mmoja alivyoniambia? Baada ya hii nisikilize ipi? Na kuna bwana amekuja nyumbani mara kadhaa anataka kulinunua kasha zima. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Nitaanza na hoja ya mkeo, maana amesikia vizuri kuliko anavyodhani. Ni kweli wimbo unapigwa mwanzo, unapigwa tena mwisho, na katikati kila mmoja anasema lake. Ambacho hajakisikia bado ni kwamba hapo katikati wimbo haujaondoka. Upo, kwa urefu uleule, unazunguka chini ya yule anayepiga solo, na wote waliomo studioni wanajua wamefika wapi. Sikio lako wewe tayari linaunusa mzunguko huo, ndiyo maana hushibi. Kazi iliyobaki ni kuuona waziwazi.

Weka upande A, wimbo wa kwanza, So What. Kuna utangulizi mfupi wa piano na besi, wa taratibu, usio na mdundo wa kuhesabika. Halafu Paul Chambers anaanza kuuliza kwa besi. Nasema besi ile kubwa ya mbao, inayosimama kimo cha mtu, si gitaa la besi. Anauliza, anajibiwa kwa milio miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mwanzoni anayejibu ni Bill Evans kwa piano. Raundi ya pili tarumbeta na saksafoni mbili zinaingia kwenye jibu hilohilo. Kisha bendi nzima inapanda kidogo, nusu hatua tu, yaani hadi kitufe kinachofuata cha piano, wanauliza na kujibu vilevile huko juu, halafu wanateremka palepale walipoanzia.

Sasa hesabu. Moja, mbili, tatu, nne: hicho ni kipimo kimoja. Vipimo 8 chini, vingine 8 chini, 8 juu, 8 chini tena. Jumla 32. Anayejua mashairi ataliona umbo hili mara moja: ni ubeti wa tarbia, mishororo minne, wa tatu ukiwa umebadilisha kina. Wimbo ukishatambulishwa, Miles Davis anatunga kwa tarumbeta ubeti mpya katika bahari ileile, papo kwa papo, bila karatasi. Akimaliza anatunga wa pili. John Coltrane anapokea kwa saksafoni ya tena, naye beti mbili. Cannonball Adderley anapokea kwa saksafoni ya alto, beti mbili. Bill Evans anapewa ubeti mmoja. Malenga anayemjibu mwenzake havunji mizani, anabadilisha maneno, na hadhira inayojua mizani ndiyo inayoonja utamu wa jibu. Asiyeijua husikia mtu anaongea tu.

Kwa hiyo mfanyie mkeo zoezi hili, na wewe ulifanye pamoja naye. Kila ubeti wa So What unakaribia dakika moja. Wimbo unapopanda, ainue mkono; unaposhuka, aushushe. Msikilizeni Chambers, kwa sababu yeye ndiye anayepanda kwa uwazi kuliko wote. Katika solo ya Miles mkono utainuka mara mbili, katika ya Coltrane mara mbili, katika ya Adderley mara mbili. Mara za kwanza mtakosea, hasa Coltrane anapoanza kumwaga noti nyingi kwa mpigo. Endeleeni. Ikifika mahali mkono unainuka wenyewe sekunde moja kabla bendi haijapanda, hapo mmeshaingia ndani ya muziki, na hoja kwamba wanapotea itakuwa imekwisha bila mtu kubishana na mtu.

Baada ya hapo ndipo ninapompa mtu ushauri wangu mkuu: chagua mpigaji mmoja, umfuate yeye peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, wengine uwaache wapite. Kesho chagua mwingine. Santuri hii ina watu saba kwa jumla, na kwenye kila wimbo ni sita au pungufu. Ukishawafuata wote utakuwa umesikiliza santuri kadhaa kwa gharama ya moja. Watu wengi wanaojiita wapenzi wa jazi wana rafu zilizojaa, na hawajawahi kumsikiliza mpiga dramu hata mara moja.

Huyo mpiga dramu hapa ni Jimmy Cobb, na yeye ndiye wa kuanza naye. Wimbo ukimaliza kutambulishwa, pale Miles anapoingia na solo, Cobb anapiga toazi pigo moja zito. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alidhani amelipiga kwa nguvu mno. Sikiliza mlio ule: haukatiki, unabaki hewani huku Miles akitoa maneno yake ya kwanza, unafifia polepole chini ya tarumbeta. Sehemu ya siri ni chumba chenyewe. Studio ya Columbia, kampuni iliyotoa santuri hii, ya mtaa wa 30, New York, ilikuwa kanisa hapo zamani, dari ilikuwa juu sana, na sauti ilipata nafasi ya kuzurura kabla ya kufa. Baada ya pigo lile Cobb anarudi kwenye toazi jingine na kulifuata kwa mdundo mmoja, kwa dakika zote zilizobaki, bila mbwembwe. Ukimfuata yeye tu utashangaa jinsi anavyofanya machache na jinsi machache hayo yanavyowabeba wote.

Ukimaliza na Cobb, nenda kwa Evans, na usimngoje kwenye solo yake. Msikilize wakati wengine wanapiga. Anadondosha kordi mbili, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ananyamaza, anadondosha moja, ananyamaza muda mrefu. Halafu zamu yake inapofika, kinyume kinatokea: tarumbeta na saksafoni zinarudi nyuma yake na lile jibu la milio miwili tulilolisikia mwanzo. Yeye ndiye anayeuliza sasa. Nimewahi kuwapigia wanafunzi sehemu hiyo wasisikie chochote, mpaka nilipowaambia wapuuze piano kabisa.

Kisha walinganishe wale watatu wa mbele. Kama spika zako ni mbili na nakala yako ni ya sterio, Coltrane yuko kushoto, Adderley kulia, Miles katikati. Miles anacheza na ukimya. Anasema neno, anaacha likae. Coltrane hawezi kuacha nafasi wazi, anaichimba skeli ileile, ile ngazi ya noti, kona kwa kona kama anatafuta kitu kilichoanguka. Adderley anaingia akicheka. Wachambuzi wengi humpita haraka kwa sababu Miles na Coltrane wana majina makubwa zaidi, nami naona wanamwonea. Katika santuri iliyojaa mawazo mazito, yeye ndiye anayekukumbusha kwamba muziki huu umetoka kwenye bluzi na kanisani na kwenye kumbi za watu kucheza. Kwenye Blue in Green hayumo, na ukisikiliza vizuri utaona joto la chumba limeshuka.

Wimbo wa pili, Freddie Freeloader, ni bluzi ya vipimo 12, rahisi kuhesabu, na hapo kwenye piano hayupo Evans bali Wynton Kelly. Wakati huo Kelly ndiye aliyekuwa mpiga piano wa bendi. Evans alikuwa ameshaondoka, akarudi kwa ajili ya santuri hii. Miles alijua alichokuwa anafanya. Kelly ana mdundo wa kutikisa bega, na solo yake inafungua wimbo kabla hata bosi hajapiga. Mtu asiyependa jazi kabisa, mpigie huu kwanza. All Blues, upande B, nao ni bluzi, ila unakwenda kwa mwendo wa kubembea, hesabu ya sita badala ya nne. Hapo Miles anatambulisha wimbo akiwa ameweka kizibo cha chuma mdomoni mwa tarumbeta, ile sauti nyembamba ya kunong'ona, anakitoa kwa ajili ya solo, anakirudisha mwishoni. Nyimbo mbili zilizobaki ni za usiku. Sina la kukufundisha juu yake ila uzime taa.

Jambo moja la historia linasaidia masikio. Nyimbo hizi tano zilirekodiwa kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, na Evans aliandika kwenye jalada kwamba Miles alikuja na michoro ya nyimbo aliyoifanya saa chache tu kabla. Zama hizo mpigaji wa jazi alizoea kupewa kordi nyingi zinazobadilika haraka, na ustadi wake ulipimwa kwa jinsi anavyozipita bila kujikwaa. So What ina skeli mbili tu: ya chini na ya juu. Ukiwa na kordi chache hivyo huna pa kujificha. Inabidi uwe na wimbo kichwani.

Ukitaka kuielewa tofauti hiyo kwa sikio, tafuta Giant Steps ya Coltrane. Wimbo wenye jina hilo ulirekodiwa tarehe 5 Mei 1959, siku 13 tu baada ya kikao cha pili cha Kind of Blue, na anayepiga besi ni Paul Chambers yuleyule. Kordi zinabadilika karibu kila baada ya mapigo mawili, kwa mwendo wa kukimbiza mwizi. Coltrane alikuwa ameshaifanyia mazoezi njia hiyo, anapaa. Kisha anapokea Tommy Flanagan kwa piano, mpigaji hodari kabisa, na unamsikia waziwazi akishika ukuta: anapiga vipande vifupi, anasita, mwishowe anabaki na kordi tupu. Wakaiachia hivyohivyo sokoni. Mimi naipenda sehemu ile kuliko solo nyingi kamili, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha njia ile ilikuwa ngumu kiasi gani. Ila sikushauri uipige baada ya chakula cha usiku.

Sasa hilo la santuri na simu. Fundi wako ana haki nusu. Faili nzuri kwenye simu, ukisikiliza kwa spika za sebuleni au visikizio vya heshima, haina aibu yoyote, na haina mikwaruzo. Tatizo ni pale unaposikiliza kwa spika ya simu yenyewe. Kidubwasha kile hakiwezi kutoa noti za chini za besi. Unachosikia ni kivuli chake. Na kwa muziki ambao besi ndiyo inayokuambia umefika wapi, kumpoteza Chambers ni kuupoteza wimbo. Huenda mkeo aliusikia kwa simu mara ya kwanza. Muulize.

Santuri yako, kwa upande mwingine, inaweza kuwa na kasoro ambayo fundi hakuijua. Tarehe 2 Machi mashine kuu ya kurekodia pale studioni ilikuwa inakwenda polepole kidogo. Ukirekodi polepole kisha ukapiga kwa mwendo wa kawaida, sauti inatoka juu kuliko ilivyopigwa. Nyimbo zote tatu za upande A ni za siku hiyo, kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 30 dunia nzima ilizisikia zikiwa juu kidogo, chini ya nusu hatua. Watu waliojifunza kupiga pamoja na santuri ile walikuwa wakihangaika kuvuta nyuzi. Mwaka 1992 ndipo Columbia walipotoa toleo lililosahihishwa, wakitumia utepe wa akiba uliorekodiwa na mashine ya pili siku hiyohiyo.

Unaweza kuipima yako nyumbani. Chukua gitaa, au ile programu ya simu ya kupimia noti, na uhakikishe D na G ziko sawa. So What imekaa kwenye D, All Blues imekaa kwenye G. Ikiwa So What iko juu ya D ya gitaa lako huku All Blues ya upande B ikikubaliana na G vizuri, basi unalo toleo la zamani, lile lenye kasoro. Ikiwa pande zote mbili zimekwenda juu au chini sawasawa, kasoro ni ya gramafoni: mkanda umechoka au mota inahitaji kurekebishwa. Hata ukikuta kasoro ya upande A, usisikitike. Masikio yako yameipenda hivyo, na mamilioni kabla yako pia.

Kuhusu kuzitunza, Tanga si pahali pepesi kwa santuri. Unyevu wa pwani huleta kuvu, hata kwenye majalada. Zisimamishe wima, zisibanane, zisilale moja juu ya nyingine, na kasha lisiguse sakafu wala ukuta unaotoa jasho. Jua ni adui mkubwa zaidi. Santuri iliyosahaulika ndani ya gari mchana itatoka imejikunja kama chapati. Kuosha: maji yaliyochujwa kitaalamu, yale ya kujazia betri yasiyo na asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kufuata mkondo wa mifereji na si kukatisha, karatasi ya katikati isilowe. Suuza, zikauke kivulini. Spiriti usiiguse kamwe kwenye sahani nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, kama zimo kashani, maana zile ni za lakiri na spiriti inaziyeyusha.

Na kabla ya yote, tazama sindano. Gramafoni ya kurithi inaweza kuwa na sindano iliyokwisha, na sindano butu haikwaruzi tu, inachonga. Kila unapoipiga santuri unafuta kidogo ya kile unachokipenda. Wewe umesema haipiti siku. Badilisha sindano wiki hii. Ikiwa gramafoni ni ile ya kisanduku cha kubeba mkononi, yenye mkono mzito usiorekebishika, itumie kwa santuri usizozijali mpaka upate nyingine.

Jambo ambalo simu haikupi kabisa ni jalada, na hapa nakuuliza: katika kasha hilo mna A Love Supreme? Sitashangaa ukiniambia imo, karibu kila mpenzi wa Coltrane wa umri wa baba yako mkubwa alikuwa nayo. Ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964 kwenye studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey. Huyu Van Gelder kwa miaka alikuwa mpima macho mchana, na alianza kurekodi wanamuziki sebuleni kwa wazazi wake. Wako wanne tu: Coltrane, McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi, Elvin Jones kwenye dramu. Sehemu ya kwanza inasimama juu ya noti nne za besi. Karibu na mwisho Coltrane anazichukua noti hizo nne na kuzizungusha kwenye kila ufunguo wa muziki, zote 12, moja baada ya nyingine, kisha uimbaji unaingia, noti hizohizo kwa maneno. Fuata noti hizo nne tu, utaona alivyokuwa anahama nyumba hadi nyumba na mzigo uleule.

Lakini nilitaka kusema juu ya jalada. Lifungue. Ndani mna shairi la sala aliloliandika Coltrane mwenyewe, kwa Kiingereza. Weka upande B, sogeza hadi sehemu ya mwisho, Psalm, ambayo haina mdundo, Elvin anavumisha tu dramu chini kama radi ya mbali. Anza kusoma shairi kwa sauti ya chini pamoja na saksafoni. Coltrane anapiga maneno yale silabi kwa silabi. Kila anapofika kwenye kumshukuru Mungu, saksafoni inashuka kwa namna ileile, kama kiitikio. Ni saksafoni inayosali, na sala yenyewe umeishika mkononi. Mtu anayeisikia kwenye simu bila karatasi hiyo anasikia solo nzuri ya huzuni, basi.

Uliuliza cha kutafuta baadaye. Orodha za santuri bora zimejaa kila mahali na zote zinafanana, sitaongeza nyingine. Nitakupa rafu moja ambayo Mswahili ana haki nayo kuliko wengine, na ambayo huku kwetu haizungumzwi vya kutosha.

Ya kwanza ni Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn. Ilirekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Tanganyika ilikuwa bado mwaka mmoja. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike ndani yake, na lugha iliyochaguliwa ni Kiswahili. Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, na anayelisoma kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Unaweka sindano juu ya santuri ya jazi ya Marekani ya 1960, na kinachotoka kwanza ni lugha ya nyumbani kwako, juu ya ngoma. Nyuma yake iko bendi kubwa, imepangwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye wapangaji wachache wa zama zake walimfikia, na humo wamo Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Max Roach, Babatunde Olatunji. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku. Kati ya sehemu zake nne, moja inaitwa Kucheza Blues, nayo ndiyo ya kuanza nayo ikiwa mkeo bado hajashawishika.

Lee Morgan, mpiga tarumbeta wa Philadelphia, ana wimbo Mr. Kenyatta katika santuri Search for the New Land, iliyorekodiwa Februari 1964, miezi miwili baada ya Kenya kujitawala. Coltrane naye alipiga Tanganyika Strut mwaka 1958 akiwa na Wilbur Harden. Huo niseme ukweli ni wa kawaida. Jina limeuzidi wimbo. Kwa Mr. Kenyatta, jina halijauzidi wimbo. Gitaa la Grant Green humo peke yake linatosha kuitafuta.

Halafu, ukishazoea kuhesabu, nenda kwa mpiga piano Herbie Hancock na santuri aliyoiita Mwandishi. Kila mmoja kwenye bendi ile alichukua jina la Kiswahili: Hancock Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Bennie Maupin Mwile, Julian Priester Pepo Mtoto, na Eddie Henderson Mganga. Henderson ni daktari kweli, amesomea, tarumbeta anaipiga na wagonjwa alikuwa akiwatibu. Muziki wenyewe hauna haya: piano ya umeme, mwangwi wa mashine, nyimbo ndefu. Upande wa kwanza unafunguliwa na Ostinato, na hesabu yake ni 15. Anza kwa kuifuata besi, kwa sababu mstari wake unajirudia bila kuchoka. Hesabu hadi 15, rudi moja. Piano iache ifanye itakavyo mpaka mguu wako umezoea.

Mwisho, huyo bwana anayetaka kasha zima. Anayetaka kasha zima bila kutaja santuri moja moja ameona moja anayoitaka na hataki ujue ni ipi. Kabla hujamjibu, toa Kind of Blue kwenye jalada na usome karatasi ya katikati. Nakala za kwanza za Columbia zina karatasi yenye alama sita za jicho pembeni, na namba CL 1355 kwa mono au CS 8163 kwa sterio. Kwenye baadhi ya zile za mwanzo kabisa majina ya upande B yalipinduliwa, Flamenco Sketches ikaandikwa kabla ya All Blues. Kisha shika zile za Blue Note, kampuni ya santuri za jazi, kama zipo, uziinamishe kwenye mwanga, utazame eneo laini kati ya mwisho wa mifereji na karatasi. Ukiona herufi RVG au jina VAN GELDER limegongwa pale, na karibu yake alama ndogo iliyochorwa kwa mkono kama sikio, hiyo ni ya kiwanda cha awali na wakusanyaji huilipia vizuri. Na kama kashani zimo sahani ndogo za mizunguko 45 za Morogoro Jazz, Western Jazz au bendi nyingine zetu za dansi, hizo ni habari nyingine kabisa kimuziki, lakini kuna wakusanyaji Ulaya wanaozisaka usiku na mchana, kwa hiyo zihesabu peke yake. Andika kila jina, kila namba na hali ya kila sahani kwenye daftari, na umwombe huyo bwana ataje bei ya kila moja.